MJADALA: Kamera ya mwendo ikikupiga picha Ujerumani ukikimbiza mgonjwa, faini ulipe au upinge?

Mleta mada
Wakuu, salaam. Naleta hili kwa sababu nyumbani kwa shemeji tumegawanyika na hakuna anayekubali kushindwa.

Nimekuja Ujerumani na mama kumtembelea dada. Wiki ya pili, saa nane usiku, pumu ikambana mama. Pampu imeisha, midomo imekuwa ya majivu. Dada yuko zamu ya usiku, shemeji kasafiri. Nikambeba hadi kwenye gari la shemeji, nikawasha hazadi, nikaondoka. Hospitali wakamwekea oksijeni na sasa mzima, anadai ugali.

Baada ya wiki tatu shemeji kaletewa barua yenye picha yangu, macho yamenitoka. Kasi 84 kwenye eneo la 50. Wanapunguza 3 kwa ajili ya makosa ya kipimo, nikabaki nimezidisha 31. Kuzidisha 31 hadi 40 mjini ni yuro 260, pointi 2 (alama za makosa kwenye rekodi ya dereva) na kukatazwa kuendesha mwezi mmoja. Ningepunguza kilomita moja tu ingekuwa yuro 180 na pointi 1.

Kwetu gari la jirani ndiyo ambulansi. Unapiga honi, watu wanapisha, trafiki anachungulia siti ya nyuma anasema "pita". Hapa naadhibiwa kwa kumwokoa mzazi. Ni haki?

Mzee wa Kona
Pole kwa mama. Ila watakuuliza swali moja tu: 112, namba ya dharura, hukuiona? Haina malipo, na inafanya kazi Umoja wa Ulaya mzima.

Mleta mada
Kijerumani sijui, mzee wangu. Niliona nitabaki najieleza kwenye simu huku mama anakata roho.

Nesi wa Zamu
Kaka, nafanya kazi hukuhuku, nitasema bila kupaka mafuta. Mara nyingi anayepokea 112 anajua Kiingereza cha kutosha kukuuliza upo wapi na mgonjwa ana nini. Gari lao linakuja na oksijeni na dawa ya kuvuta, matibabu yanaanzia sebuleni kwako. Wewe ulikuwa na usukani. Mama angeacha kupumua njiani ungefanya nini, usimamishe gari barabarani usiku ule? Nashukuru Mungu amepona, lakini hukumwokoa kwa mwendo. Ulibahatika.

Mleta mada
Hilo limeniingia. Lakini faini bado naona ni uonevu.

Wakili Mtaani
Tusichanganye mambo mawili. Sheria yao ya makosa madogo, kifungu cha 16, inamwondolea mtu kosa akivunja sheria ili kuepusha hatari kwa uhai, kama hapakuwa na njia nyingine na alichookoa kina uzito kuliko alichovunja. Kwa hiyo mlango upo. Ni mwembamba tu, maana mahakama zao huhesabu dakika. Nyumbani hadi hospitali ni kilomita ngapi?

Mleta mada
Kama sita.

Wakili Mtaani
Kwa 50 ni dakika saba na kidogo. Kwa 80 ni nne na nusu. Umeokoa chini ya dakika tatu, na hiyo ni kama ulikimbia njia nzima. Hesabu hiyo hakimu ataifanya mbele yako.

Mama Swaum
Dakika tatu bila hewa ni nyingi! Huyo hakimu azibwe pua dakika tatu kwanza ndipo ahukumu.

Dereva Mstaafu
Jamani na wa upande wa pili? Saa nane usiku kuna mlevi anavuka, kuna mtoto wa watu anatoka kazini kwa baiskeli. Huyo naye ana mama. Tukisema kila mwenye mgonjwa apite, kesho kila mwenye haraka atakuwa na mgonjwa.

Kimya Kingi
Mbona mnazunguka? Shemeji asikutaje. Huko hawamlazimishi mtu kumtaja ndugu. Miezi mitatu ikipita bila hatua dhidi yako, kesi imekufa. Panda ndege.

Wakili Mtaani
Umesema nusu. Dereva asipojulikana, shemeji anaweza kuamriwa aandike kila safari ya gari lake kwenye daftari. Umtembelee mtu, umwachie adhabu?

Mleta mada, hiyo barua bado ni ya kukusikiliza, yaani wanakupa nafasi ya kujieleza kabla ya kuamua faini. Andika lililotokea, ambatisha karatasi ya hospitali. Hukumu ya faini ikija, una wiki mbili za kuipinga. Mimi ningepigania lile katazo la mwezi, maana wanaweza kuliondoa wakiona hukuwa mzembe bali uliingiwa na hofu. Zile 260 ningelipa.

Mwana wa Pwani
Hata Uingereza ni hivyohivyo: mahakama inaweza kukuhesabu una kosa na bado isikuwekee pointi, ikiona sababu ni ya pekee.

Mleta mada
Nimekubali kuandika kwa jina langu, shemeji asihangaike. Dada kachukua karatasi leo. Kamera imepiga saa nane na dakika 26, mapokezi wameandika saa nane na 29. Hizo dakika zinanisaidia au zinanimaliza?

Nesi wa Zamu
Zinasaidia, zinaonyesha ulienda moja kwa moja. Waombe waandike na kiwango cha oksijeni alichofika nacho. Kikiwa chini sana, hata mimi nitanyamaza.