Kukariri dawa kwa vifupisho: werevu au ukasuku?

Kijana wa Wodi
Wiki jana, hapa Nairobi, mhadhiri wetu alitusimamisha kando ya kitanda cha mgonjwa wa kifua kikuu, akauliza dawa nne za kuanzia. Nikamwaga RIPE bila hata kuvuta pumzi: rifampisini, isoniazidi, pirazinamidi, ethambutoli. Hakusema kitu. Akanikabidhi kadi ya mgonjwa nisome. Palikuwa pameandikwa 2RHZE/4RH. Nikaganda kwenye H. Wenzangu wakaanza kutazama viatu vyao.

H ndiyo isoniazidi ileile, na Z ni pirazinamidi. Dawa nne kwa miezi miwili, kisha mbili kwa miezi minne. Yote nilikuwa nayajua, ila si kwa herufi hizo, kwa sababu RIPE niliiokota kwenye video za Wamarekani na kadi za kliniki zetu zina alfabeti yake. Tangu siku hiyo vifupisho vimepigwa marufuku wodini. "Sitaki kasuku waliovaa makoti meupe," akasema.

Naleta hoja mbele yenu: ana haki? Mimi nasema katuonea. Famakolojia ni mamia ya majina ambayo si lugha ya mama ya mtu yeyote duniani. Bila kamba ya kushika utazama. Ethambutoli huweza kudhuru mshipa wa fahamu wa jicho, na mgonjwa akaanza kuchanganya rangi nyekundu na kijani. Mimi hiyo nimeitundika kwenye taa za Uhuru Highway (zile ambazo polisi huzipuuza akiwa amesimama chini yake): nyekundu na kijani zikifanana, simamisha ethambutoli umpeleke mgonjwa apimwe macho. Sitaisahau hadi nizeeke. Huo ni ukasuku?

Sista wa Usiku
Mwanangu, mimi niko upande wa mhadhiri wako. Nimekuwa muuguzi miaka 22. Kuna mwaka alikuja zamu daktari kijana, mwerevu kweli, kwenye hospitali nisiyotaka kuitaja. Tulikuwa na mama ambaye moyo ulimwenda mbio kwa sababu ya tezi ya shingo. Kijana akaandika propranololi, na kwa tatizo lile hiyo ni dawa inayotumika. Alikuwa na wimbo wake: moyo mmoja, mapafu mawili, beta-1 iko moyoni, beta-2 iko mapafuni. Aliuimba mbele yangu.

Beta hizo ni vipokezi, milango ya kupokea ishara za mwili: ya moyoni huuharakisha moyo, ya mapafuni hufungua njia za hewa. Sasa propranololi huziba zote mbili. Nikamuuliza mama, "Hiyo inhela kwenye mkoba ni ya nini?" Alikuwa na pumu tangu utotoni. Dawa ile ingembana kifua usiku huohuo. Jibu lote lilikuwa ndani ya wimbo, na mwimbaji hakulisikia.

Kijana wa Wodi
Shikamoo Sista. Lakini basi wimbo haukuwa na kosa. Kosa ni kutomuuliza mgonjwa.

Sista wa Usiku
Marahaba. Aliyekwisha kuimba huona amemaliza kazi. Ndicho ninachosema.

Mfamasia wa Ngara
Tutenganishe vitu viwili hapa. Kuna vifupisho vya kubuni, na kuna miisho ya majina ya dawa, ambayo si ujanja wa mwanafunzi hata kidogo. Ni mpango wa Shirika la Afya Duniani, uliopitishwa mwaka 1950, na orodha ya kwanza ya majina ikatoka 1953. Dawa za ukoo mmoja hupewa mwisho mmoja: kaptoprili, enalaprili na lisinoprili ni ndugu, zote hushusha presha na zote huweza kumletea mgonjwa kikohozi kikavu. Losatani na telmisatani ni ukoo mwingine. Ukijua ukoo, umejua nusu ya tabia. Mwalimu anayekataza hilo anakataza sarufi.

Ila sarufi ina mitego. Nistatini inaishia kama zile statini za kushusha lehemu, na haihusiani nazo kwa lolote. Ni dawa ya fangasi, ile ya utando mweupe mdomoni mwa mtoto. Iligunduliwa na Elizabeth Hazen na Rachel Brown, waliokuwa wakifanya kazi katika maabara ya jimbo la New York, na jina lake limetokana na jimbo hilo. Halafu njoo kwenye "-azoli": flukonazoli ya fangasi, metronidazoli ya amiba, albendazoli ya minyoo, omeprazoli ya asidi ya tumbo. Majirani wa ploti moja, hakuna undugu. Na kinachoninyima usingizi mimi dukani ni karbamazepini na karbimazoli. Moja ni ya kifafa, nyingine ni ya tezi ya shingo. Andika kwa mwandiko wa daktari mwenye haraka, kisha niambie ipi ni ipi.

Baba Mlipa Karo
Swali la mzazi asiyejua dawa. Simu iko mfukoni, kitabu kiko mezani. Kwa nini mtoto wangu akeshe akikariri? Afungue, asome, amtibu mtu.

Daktari wa Zamu
Mzee, kwa mgonjwa wa kliniki, sawa kabisa, na ningependa vijana waone haya kidogo zaidi kutofungua kitabu kuliko kukifungua. Lakini njoo kwetu chumba cha dharura saa nane usiku. Kijana kaletwa na boda boda, amekunywa dawa ya kunyunyizia mimea. Hapo kitabu utakifungua baadaye.

Na hapa ndipo ninapogombana na pande zote mbili. Nilifundishwa sumu hiyo kwa DUMBELS, herufi saba, kila moja dalili kwa neno la Kiingereza. Usiku wangu wa kwanza nilifika kwenye M nikasahau ni nini. Siku hizi siwafundishi wanafunzi herufi. Nawaambia: mtungi umetoboka. Machozi, mate, jasho, mkojo, kuhara, kutapika, na mapafu yanajaa majimaji, hapo ndipo kifo kilipo. Mboni za macho zimekuwa kama tundu la sindano. Mwili wote unavuja.

Dawa ni atropini, na atropini ikizidi inakupa kinyume chake: mtu aliyepotea jangwani. Mdomo mkavu, ngozi nyekundu ya moto, moyo mbio, mkojo hautoki, mboni zimepanuka, na mwisho anaanza kuona mazigazi na kuongea na watu wasiokuwapo. Sasa tiba inajieleza yenyewe. Unaongeza dozi maradufu kila baada ya dakika chache hadi kifua kikauke, huku ukiangalia mgonjwa asivuke kuingia jangwani. Unasikiliza kifua, mboni zisikudanganye. Picha mbili, na zinakufundisha hata pa kusimama. DUMBELS haikunifundisha pa kusimama.

Mwalimu wa Ngeli
Nacheka peke yangu. KI-VI, LI-YA, U-I: vizazi vizima vya Kenya vimekariri hivyo, na bado mtu anasema "kitabu yangu" akiwa na alama A kwenye cheti.

Kijana wa Wodi
Daktari, mtungi nimeuiba. Ila huo nao si kisaidizi cha kumbukumbu? Umebadilisha herufi ukaweka picha tu.

Daktari wa Zamu
Ni kisaidizi, sikatai. Tofauti yake ni kwamba kinabeba sababu. Tena herufi zina ugonjwa mwingine: hazizeeki vizuri. Chukua MONA ya mshtuko wa moyo: morfini, oksijeni, naitreti, aspirini. Anayeifuata kwa mpangilio anaanza na morfini, ilhali aspirini, ambayo mgonjwa anatakiwa kuitafuna mapema, imewekwa mkiani ili neno lipendeze. Na oksijeni? Uswidi walichapisha utafiti mwaka 2017, wagonjwa 6,629. Kwa wenye kiwango cha oksijeni damuni cha 90% au zaidi, kuwaongezea hakukupunguza vifo. Miongozo ikabadilika. Lakini O huwezi kuing'oa kwenye MONA, neno litakufa, kwa hiyo bado naona vijana wakikimbilia mtungi wa gesi kwa mtu anayepumua vizuri kuliko mimi.

Mfamasia wa Ngara
Hapo nakubali, ingawa marufuku ni uvivu wa mwalimu. Angewaambia walete kifupisho na aliyekileta aeleze kinapovunjika. RIPE ingevunjika siku ya kwanza darasani, si mbele ya mgonjwa.

Baba Mlipa Karo
Kumbe karo inaenda kwenye mitungi na majangwa. Endeleeni, nasoma.

Sista wa Usiku
Kijana, nikujaribu basi. Mgonjwa wako wa RHZE ni msichana wa miaka 24. Anatumia vidonge vya kupanga uzazi, na pia yuko kwenye dolutegraviri ya Virusi vya Ukimwi. Herufi gani inakuonya?

Kijana wa Wodi
R, Sista, ila si herufi inayonionya. Rifampisini huamsha vimeng'enya vya ini, dawa nyingine zinavunjwa haraka kabla hazijafanya kazi. Dolutegraviri atameza mara mbili kwa siku badala ya moja, na vidonge vya uzazi asivitegemee, atafutiwe njia nyingine.

Sista wa Usiku
Hiyo umeikariri kwa nini?

Kijana wa Wodi
Sikuikariri. Binamu yangu alitumia dawa za kifua kikuu akiwa kwenye vidonge, na hakuna aliyemwambia. Mtoto anatimiza miaka mitatu mwezi ujao.