Intani wa Moshi: njia ya kuwa daktari bingwa wa ini ikoje?

Mwanakibosho
Shikamooni wakubwa, na wenzangu habari za jioni. Niko intani, yaani daktari wa mafunzo kwa vitendo, hapa Moshi, nimebakiza miezi minne. Mwezi uliopita wodi ya wanaume vitanda vitatu vya dirishani vyote vilikuwa vya ini. Mmoja alikuwa fundi seremala wa Rombo, miaka 34, tumbo limejaa maji, macho ya njano. Ni mlokole, pombe hajawahi kuonja, lakini kila aliyekuja kumwona alinong'ona habari za mbege. Kipimo kikaonyesha homa ya ini B. Siku ya tisa akafariki. Mkewe akaniuliza, "Sasa mimi na watoto, daktari?" Nikamjibu nusunusu.

Tangu siku hiyo nataka kusomea ini, nitibu na nifanye utafiti. Ni miaka mingapi? Lazima nitoke nchini? Nina miaka 27 na nyumbani wadogo zangu wananitegemea.

KijanaWaMajengo
Dada, piga hesabu kwanza. MD, shahada ya kwanza ya udaktari, mitano umeshamaliza, na intani mmoja unakaribia kumaliza. MMed, shahada ya uzamili, ya magonjwa ya ndani mitatu au minne kutegemea chuo, halafu ubobezi wa tumbo na ini miwili hivi. Katikati hapo wengi hufanya kazi kwanza wakisubiri ufadhili. Utafika karibu 38. Nenda afya ya jamii, utamaliza mapema na wadogo zako watasoma.

Dkt_ShantyTown
Marahaba mwanangu, na pole kwa mgonjwa wako. Hesabu ya kijana ni sahihi. Ushauri wake siuungi mkono.

Ini linaanza kusomwa na macho na mikono, na hilo unaweza kuanza kesho. Mgonjwa wa ini mwambie anyooshe mikono mbele, viganja vimesimama, kama anasimamisha gari la Marangu. Usimshike. Hesabu polepole hadi thelathini. Viganja vikidondoka, vikainuka, vikadondoka tena, ujue sumu ambayo ini lilipaswa kuisafisha imeshafika ubongoni, hata kama jina lake analitaja vizuri. Muulize alipata choo lini. Angalia kama anatokwa damu, kama ana maambukizi. Mimi nilifundishwa hivyo na mwalimu wangu akiwa amepiga magoti kando ya godoro, maana mgonjwa alilazwa chini.

Halafu utajifunza endoskopi, kamera inayopitishwa mdomoni, na kufunga kwa vipira ile mishipa inayovimba kwenye umio. Nikiwa kijana, hospitali moja ambayo siitaji, mama mmoja alitapika damu beseni zima saa nane usiku. Mishipa niliiona kwa kamera. Vipira havikuwepo, viliisha wiki mbili nyuma na hakuna aliyeagiza. Sijamsahau, na tangu hapo stoo nakwenda kuhesabu mwenyewe.

Kuhusu utafiti, usidhani unaanzia Ulaya. Mwaka 1965 mtafiti wa Marekani Baruch Blumberg na wenzake waliandika juu ya protini waliyoikuta kwenye damu ya mwenyeji wa asili wa Australia, iliyoshikana na damu ya Mmarekani mwenye hemofilia, ugonjwa wa damu kutoganda vizuri, aliyeongezewa damu mara nyingi. Hakuwa anatafuta homa ya ini. Alitaka kujua damu za watu zinatofautianaje. Protini ile ikaja kuwa alama ya kirusi cha B, na mwaka 1976 akapewa tuzo ya Nobel. Hapa kwetu mwaka 2016, Dodoma na Manyara, watu 68 waliugua na 20 wakafa kwa sumukuvu, sumu ya ukungu wa nafaka. Jibu lilipatikana kwenye mahindi ya nyumbani kwao. Wewe anza na rejista ya wodi: nani alilazwa kwa ini, umri, kipimo cha B kilifanyika au hakikufanyika. Hiyo safu ya mwisho ikiwa tupu, utafiti wako umeshaanza.

Kutoka nje utatoka kwa muda, hasa ukitaka kuona upandikizaji wa ini. MMed soma hapahapa, wagonjwa ndio wapo.

Sasa yule mama. Yeye na watoto wapimwe wote. Wasio na kirusi wachanjwe, dozi tatu: leo, baada ya mwezi, na miezi sita baada ya ile ya kwanza. Mwenye nacho afuatiliwe, na akihitaji dawa ipo tenofovia, kidonge kimoja kwa siku. Sahani na vikombe havina kosa, wasimtenge mtu. Watoto wetu walianza kupata chanjo hii kliniki mwaka 2002. Seremala alizaliwa kabla. Na wewe pia, mwanangu. Umechanjwa?

NesiWaUsiku
Daktari hapo umegusa penyewe. Tunachomwa kwa bahati mbaya na sindano za wagonjwa kila siku na wengi wetu tuliishia dozi ya kwanza. Mdogo wangu, rejista za miaka ya nyuma zipo kabatini, nitakuonyesha. Uje baada ya saa nne usiku, wodi ikishatulia.

Mwanakibosho
Asante sana daktari. Dozi nilipata moja tu, nikiwa mwaka wa tatu. Kesho naendelea na zilizobaki. KijanaWaMajengo, nimekusikia, na nyumbani nitawaeleza ukweli wa hiyo miaka. Dada nesi, nakuja usiku huu huu.

Namba ya yule mama ilikuwa kwenye faili. Nimempigia sasa hivi. Alinyamaza kidogo, kisha akauliza kama nauli ya watoto inalipwa nusu. Wanashuka Jumatatu na gari la kwanza, yeye na watoto watatu.