Mtoto wa miezi nane kagoma chupa, na maziwa yangu yanapungua. Nifanyeje?

Mama Careen, Kiboriloni

Habari zenu wapendwa. Naombeni ushauri kwa waliopitia hili, na tafadhali msiniambie "mwache ashikwe na njaa, atakunywa tu". Hiyo nimeshaambiwa na kila mtu, kuanzia mama mkwe mpaka konda wa daladala.

Binti yangu ana miezi nane. Nipo kaunta kwenye duka la vifaa vya ujenzi hapa Moshi mjini. Likizo yangu ya siku 84 ilipoisha tulikuwa tunakaa karibu, dada wa kazi alikuwa ananiletea mtoto mchana ananyonya, maisha yanaenda. Tangu tuhamie Kiboriloni hilo limeshindikana. Natoka saa moja asubuhi, narudi saa kumi na mbili jioni, na mtoto anabaki na dada.

Chupa hataki hata kuiona. Tumebadilisha chuchu laini, ngumu, tundu moja, matundu matatu. Ikikaribia anafunga mdomo, na ukilazimisha anaisukuma kwa ulimi maziwa yote yanaishia shingoni. Siku akiwa na furaha anaitafuna tu kwa sababu meno ya juu yanatoka. Maziwa ya kopo nayo hivyohivyo. Mchana anakula uji wa ulezi, ndizi ya kuponda na maji kidogo, basi. Nikifika jioni haningoji hata nivue viatu, na usiku kucha yuko ziwani.

Kilichonileta hapa ni haya maziwa. Kukamua kazini nimeacha, maana yakifika nyumbani yanamwagwa. Zamani ikigonga saa sita blauzi imeshalowa, siku hizi mpaka saa kumi matiti bado laini. Mama mkwe anasema yanakauka hayo, nimwachishe ahamie maziwa ya ng'ombe. Sitaki kumwachisha. Yasikate vipi wakati mtoto mwenyewe hataki chupa?

Mama Wawili, Sakina

Pole mama Careen. Wangu wa pili alikuwa hivyohivyo, tena yeye alikuwa anapiga chupa kwa mkono mpaka inaruka.

Hapo yapo mambo mawili na wewe umeyafunga pamoja. Mtoto anywe nini mchana, hilo moja. Maziwa yako yasikate, hilo lingine kabisa. Titi halina habari kwamba chupa imegomewa, linachojua ni kama maziwa yametolewa au yameachwa humo ndani. Yakiachwa, linapunguza kutengeneza. Nyie watu wa Kilimanjaro mna ng'ombe wa ndani, hili nani atawafundisha? Ruka kumkamua ng'ombe jioni mfululizo uone kama hajakata. Kwa hiyo rudia kukamua kesho, hata kama yote yangekuwa yanaenda sinki.

Na wala hayaendi sinki. Mwambie dada apike uji mzito kuliko wa kila siku, aupoze mpaka uwe vuguvugu, ndipo achanganye maziwa yako. Asiyachemshe pamoja na uji. Ndizi na viazi aviponde kwa maziwa yako badala ya maji. Anayekataa chupa mara nyingi hana ugomvi na maziwa, ana ugomvi na lile dude la mpira.

Halafu miezi nane chupa ya nini tena? Mpe kikombe cha wazi, kidogo, kisicho na mfuniko wala mdomo wa kunyonya. Dada amkalishe wima mapajani, ukingo wa kikombe uguse mdomo wa chini, ainamishe mpaka maziwa yaguse tu mdomo, kisha ASUBIRI. Asimmiminie, atapaliwa. Mtoto mwenyewe ataanza kuramba, kisha atavuta. Atamwaga sana mwanzoni, mfunge kanga ya zamani kifuani maisha yaendelee. Wewe usiwepo wakati wa kujaribu. Akikunusa tu anataka chake.

Huo usiku ndio anaofidia mchana. Usimnyime, maana hapo ndipo maziwa yako yanaponusurika. Homoni inayotengeneza maziwa huwa juu zaidi usiku. Najua unachoka. Mimi nilikuwa nasinzia kwenye Kosta mpaka napitishwa kituo. Asubuhi mnyonyeshe akiamka, na tena ukiwa umeshavaa, mkoba begani. Jioni ziwa kwanza, uji baadaye. Wikiendi ni ziwa kila anapotaka.

Kukamua kwa mkono: gumba juu, vidole viwili chini, nyuma ya ile sehemu nyeusi. Sukuma kwanza kuelekea kifuani, ndipo ubane, uachie. Usivute chuchu wala kuteleza juu ya ngozi, utaumia bure. Upande mmoja dakika chache, hamia wa pili, rudi tena. Kwa jumla dakika 20 mpaka 30 zinatosha. Mimi nafanya kazi shamba la maua huku njia ya Usa River, na chumba cha kupakia maua kina baridi mpaka vidole vinakufa ganzi. Ukikamua na vidole hivyo maziwa hayashuki ng'o. Nilikuwa nashika kikombe cha chai ya moto kwa mikono miwili mpaka damu irudi, nafungua picha ya mtoto kwenye simu, ndipo naanza. Wenzangu walinicheka, lakini ile picha inasaidia kweli.

Shangazi wa Marangu

Mtori mzito, supu ya kongoro, na kikombe cha mbege jioni. Sisi tumenyonyesha watoto saba, hatukujua hayo mambo ya kukamua.

Baba Junia, Majengo

Sisi kikombe kilikubalika nje tu. Namtoa uani anaangalia kuku wa jirani, mdomo unafunguka wenyewe. Ndani ya nyumba hataki, hata iwe soda. Mke wangu ni wa zamu, kwa hiyo kazi hiyo ilikuwa yangu. Mjaribuni baba mtu, msimwachie dada peke yake.

Nesi wa Zamu, Arusha

Shikamoo shangazi. Mtori na supu nakuunga mkono, mama anayenyonyesha lazima ale ashibe na anywe kila akisikia kiu. Mbege hapana. Pombe hupunguza kushuka kwa maziwa, na nyingine inapita kwa mtoto.

Mama Careen, aliyosema Mama Wawili ni sahihi. Ila titi kuwa laini peke yake si dalili ya kukauka. Miezi ya mwanzo matiti hujaa kwa sababu bado yanajipima, baadaye hutulia na maziwa yapo. Kipimo ni mtoto. Je, anakojoa vizuri? Mstari wa uzito kwenye kadi ya kliniki unapanda? Angalia miezi miwili ya mwisho utuambie. Maziwa ya ng'ombe usiyafanye ndiyo kinywaji chake kikuu kwa sasa, yana madini chuma kidogo mno.

Nina maswali: umepata hedhi? Umeanza njia gani ya uzazi wa mpango, na lini? Kuna uwezekano wa ujauzito? Usikasirike, hili la mwisho tunalikuta mara nyingi kuliko watu wanavyodhani, na mimba mpya hupunguza maziwa.

Kuhusu bosi, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 33, inamtaka mwajiri akupe nafasi ya kunyonyesha ndani ya muda wa kazi, hadi saa mbili kwa siku. Kukamua hakukutajwa humo, lakini mtoto akiwa Kiboriloni na wewe mjini, nusu saa ya stoo mara mbili ni ombi dogo. Mwombe kwa upole, kifungu kiwe mfukoni.

Mama Careen, Kiboriloni

Asanteni sana, shangazi shikamoo na mimi.

Nesi, kadi nimeitoa. Uzito unapanda, ila mwezi huu umepanda kidogo kuliko uliopita. Nepi zinalowa kama kawaida. Hedhi bado. Mimba nimepima jana baada ya kukusoma (roho juu!), hakuna. Uzazi wa mpango nilipewa vidonge vya majira alipofikisha miezi sita, kabla ya hapo sikuwa natumia kitu. Na sasa nikipiga hesabu, matiti yalianza kulegea kama wiki chache baada ya hapo. Inahusiana?

Lingine, dada anasema maziwa yangu yakitoka kwenye friji yananuka sabuni. Nimeyaonja, kweli. Nilidhani chupa haisuuzwi vizuri.

Nesi wa Zamu, Arusha

Inaweza kuhusiana. Majira yana homoni mbili, na ile ya estrojeni hupunguza maziwa kwa baadhi ya akina mama. Ndiyo sababu mama anayenyonyesha kwa kawaida haanzishiwi kabla ya miezi sita. Baada ya hapo inaruhusiwa, wengi hawaoni tofauti, wewe huenda ni katika wanaoiona. Ukichanganya na kuacha kukamua, maziwa yamepata sababu mbili za kushuka. Rudi kliniki useme hivyohivyo ulivyotuandikia. Kuna vidonge vya homoni moja, kuna kijiti, sindano, kitanzi. Uliza pia uzito wa huyo binti, ukipanda kidogo tena mwezi ujao aangaliwe.

Harufu ya sabuni si uchafu. Maziwa ya baadhi ya wanawake yana kimeng'enya kingi kinachovunja mafuta, kwa hiyo yakikaa harufu inabadilika. Hayadhuru, ila mtoto anaweza kuyakataa, na inawezekana sehemu ya mgomo ni hiyo. Mpe yaliyokamuliwa sasa hivi kwenye kikombe uone. Akiyapokea, basi yale ya kuhifadhi yapashe moto mara tu baada ya kukamua mpaka vipovu vidogo vitokee pembeni mwa sufuria, epua kabla hayajachemka, poza haraka kwenye beseni la maji baridi, ndipo friji. Yakishanuka, kuyapasha hakurudishi kitu.

Nje ya friji, kwa joto la Moshi, usiyaache zaidi ya muda wa saa nne. Kwenye friji siku 4. Kwa kuwa unatoka jioni, beba chombo cha kutunza ubaridi na chupa ya maji uliyogandisha usiku. Nyumbani yapashwe kwa kuweka kikombe ndani ya bakuli la maji moto. Yaliyobaki kwenye kikombe alichonywea yamwagwe.

Mama Careen, Kiboriloni

Nimekuelewa. Kliniki nitaenda Jumatatu asubuhi, bosi kaniruhusu, na stoo kasema nitumie saa nne na saa nane. Vidonge niviache kuanzia leo?

Nesi wa Zamu, Arusha

Hapana, endelea navyo mpaka upewe njia nyingine Jumatatu. La sivyo utarudi hapa na swali la aina nyingine.