Naomba ushauri: printa inachapa kwenye Linux, lakini skana inafunguka kwa sudo (ruhusa za msimamizi) tu

Wakuu, nina mashine ya zamani kidogo, printa na skana pamoja, imeunganishwa kwa waya wa USB kwenye kompyuta yenye Linux aina ya Debian 12. Kuchapa hakuna shida, CUPS, programu inayosimamia uchapaji, inaitambua vizuri. Balaa liko kwenye skana.

Nikiandika lsusb, amri ya kuorodhesha vifaa vya USB, mashine ipo. Lakini scanimage -L, amri ya kutafuta skana, kwa akaunti yangu ya kawaida inasema hakuna skana. Nikitanguliza sudo, inatokea bila ubishi. Kwa hiyo draiva si tatizo, nashuku ruhusa. Tayari nimejiongeza kwenye kundi la scanner (watumiaji wanaoruhusiwa kutumia skana), nikatoka na kuingia upya, wapi! Kisha nikaangalia ndani ya /dev/bus/usb, penye faili za vifaa vya USB, kwa ls -l, nikakuta kifaa kimepewa kundi la lp (la printa), nadhani kwa kuwa mfumo unakiona kama printa kwanza.

Sasa, nijiunge na lp yaishe, au niandike kanuni ya udev (mfumo unaovipa vifaa ruhusa) kwa namba za kifaa? Nikibadilisha kundi, CUPS haitakosa printa? Kutumia sudo kila nikiskani karatasi moja sitaki kabisa. Mwenye mfano wa kanuni inayofanya kazi aniwekee hapa.