UDOM au SUA? Naombeni ushauri, mwisho wa kuthibitisha ni Ijumaa

Kitumbua_Moto: Shikamooni wakubwa, na wa rika langu habari zenu. Nimemaliza kidato cha sita, PCB, nina divisheni two ya pointi 10 (Biolojia C, Kemia C, Fizikia D). Nimechaguliwa vyuo viwili: UDOM (Chuo Kikuu cha Dodoma), ualimu wa sayansi (Kemia na Biolojia), na SUA (Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro), udaktari wa mifugo. TCU (Tume ya Vyuo Vikuu) wanataka nithibitishe kimoja kabla ya Ijumaa na msimbo wa kuthibitisha umeshaingia kwenye simu. Nyumbani ni mimi na mama, anauza vitumbua, baba alishafariki. Silali. Nichague kipi?

Mgosi wa Kaya: SUA dogo, usijiulize mara mbili. Morogoro maji yapo, ndizi zipo, Milima ya Uluguru unaiona ukiamka. Dodoma vumbi utakula mpaka umalize.

Chimwaga Yangu: Mgosi, Dodoma umefika lini mara ya mwisho? Nimesoma UDOM nikamaliza salama. Chuo ni kikubwa kweli, koleji hadi koleji unapanda daladala, lakini vyumba vya hosteli viko vingi na maisha hayabani kama Dar. Na ualimu wa sayansi bodi ya mikopo wanauangalia kwa jicho zuri.

Ng'ombe wa Maskini: Nimefanya kazi ya mifugo miaka mingi Shinyanga na Simiyu. Mdogo wangu, ile kozi ni miaka mitano, ualimu ni mitatu. Lakini ukitoka na BVM, shahada ya udaktari wa mifugo, si lazima usubiri tangazo la ajira. Mwenye ng'ombe mia akiona mmoja amelala hataki kuinuka, anakutafuta usiku huohuo na pesa mkononi. Mwaka jana nilimtoa ndama aliyekuja kwa makalio, mama yule alinipa jogoo wawili juu ya malipo yangu. Ualimu nauheshimu, ila wahitimu waliokaa nyumbani wanasubiri kuitwa nawajua kwa majina.

Bi Mkubwa wa Tanga: Watoto wa siku hizi mnachagua chuo kwa hewa na maji. Muulize mama yako, umwombe na Mungu. Radhi ya mzazi kwanza.

Kalamu Nyekundu: Kuna kitu hakikai sawa. Mtu mwenye udaktari wa mifugo mkononi hakosi usingizi kwa sababu ya Dodoma. Mkopo umeomba? Na ni nini hujatuambia?

Kitumbua_Moto: Mkopo niliomba, majibu bado. Kingine kipo ila sikutaka kuchanganya mada. Kuna wakala anapeleka wanafunzi nje kusoma udaktari wa binadamu. Tumeshampa milioni 3. Mama aliuza kiwanja. Wakala anasema nisithibitishe chuo chochote hapa kwa sababu nitaonekana sina msimamo. Mimi udaktari ndiyo ndoto yangu tangu darasa la tano, na kwa CCD hapa nchini ushindani ni mkubwa mno. Kwa hiyo UDOM na SUA nilikuwa nauliza kama akiba tu.

Mgosi wa Kaya: Milioni tatu! Na sisi tunabishana habari za ndizi.

Kalamu Nyekundu: Hilo ndilo lilikuwa swali, dada. Kusoma nje kunataka kibali cha TCU cha kutokuwa na pingamizi kabla hujaondoka. Ukirudi, cheti kinatathminiwa, halafu kuna Baraza la Madaktari Tanganyika na mwaka wa utarajali. Wakala amekuonyesha hicho kibali? Na mwaka wa pili analipa nani? Bodi ya mikopo haimfuati mtu aliyejipeleka nje mwenyewe.

Kitumbua_Moto: Kibali anasema anashughulikia yeye. Mwaka wa pili nitafanya kazi hukohuko, wengi wanafanya. Msimhukumu, anasali na sisi, amewapeleka watu.

Safari Ndefu: Binamu yangu alikuwa anasoma udaktari Ukraine vita vilipoanza Februari 2022. Alitembea kwenye baridi mpaka mpakani, akarudi na begi moja. Sisemi nje ni kubaya, kuna madaktari wazuri wamesoma China na India. Ila walioenda vizuri walikuwa na mtu nyumbani wa kulipa ada kila mwaka.

Mzee wa Kona: Wakuu, mnapigwa chai hapa, hadithi ya kutunga. Asubuhi mama ni mjane wa vitumbua, jioni ana kiwanja. Alianza na vyuo viwili, sasa kuna wakala, keshokutwa atataja jina la chuo na namba ya simu ya kupiga. Hili ni tangazo. Akaunti imefunguliwa juzi.

Chimwaga Yangu: Hata mimi nimeanza kushtuka. Kitumbua, tupe ushahidi.

Kitumbua_Moto: Kiwanja alikiacha baba, kilikuwa na msingi umeota majani. Akaunti nimeifungua juzi kwa sababu juzi ndiyo wakala aliongeza laki nane za viza na mama akalia. Jina la chuo sitaji wala namba sitoi. Kama ni chai basi niacheni, nina siku mbili.

Ng'ombe wa Maskini: Mzee wa Kona, tangazo gani linasema mama amelia? Muacheni mtoto. Binti, mlilipa vipi? Mna risiti?

Kitumbua_Moto: Kwa simu, kwenye namba yake. Ujumbe wa muamala mama anao. Na mkataba wa karatasi moja, unasema fedha hairudi barua ya udahili ikishatoka.

Kalamu Nyekundu: Barua imetoka?

Kitumbua_Moto: Bado.

Kalamu Nyekundu: Basi kwa maneno ya mkataba wake mwenyewe, hela bado ni yenu. Leo hii thibitisha SUA. Kuthibitisha hakukuzuii kwenda nje, kutothibitisha ndiko kutakuacha bila chuo. Kesho mwende na mama na mjomba au mzee wa kanisa, mdai kwa maandishi. Laki nane msitoe. Akigoma, TCU wapeni taarifa na polisi mwende na ujumbe wa muamala. Pasipoti msimkabidhi.

Kitumbua_Moto: Pasipoti anayo yeye, tangu wiki iliyopita.

Ng'ombe wa Maskini: Hiyo ndiyo ya kwanza kuidai, kabla ya hela. Umeshaingiza msimbo?

Kitumbua_Moto: Naingiza sasa hivi. SUA.