Naomba ushauri: narudishaje matokeo ya utafiti kwa wakulima wa mwani?

Habari zenu wakubwa kwa wadogo. Nasoma shahada ya uzamili katika idara ya biolojia ya chuo kimoja hapa nchini. Utafiti wangu ni wa mwani huko Paje, Unguja, ambako kilimo hiki kilianza kibiashara mwaka 1989. Nimepima joto la maji bamvua baada ya bamvua (siku ambazo bahari hujaa na kutoka sana), pamoja na kina mama wakulima. Cottonii, aina ya mwani yenye bei nzuri, maji yakipata moto hupauka, hulainika na kukatika kwenye kamba. Ndiyo maana wengi wamebaki na spinosum, aina nyingine inayostahimili zaidi ila bei yake ni ndogo.

Kina mama hawa wamenipa muda wao wa kazi bila kudai chochote. Bibi mmoja aliniambia, mwanangu, wanaokuja kupima ni wengi, wanaorudi hatuwaoni. Neno lile limenikaa moyoni mpaka leo.

Sasa takwimu zimekamilika na fedha za safari zimekwisha. Msimamizi wangu anataka niandike kwanza makala ya jarida, ya kijijini yafuate baadaye. Mimi naona kina mama ndio wa kwanza kuyasikia matokeo.

Kwa mliowahi kurudisha matokeo: nianzie kwa sheha (kiongozi wa serikali wa eneo lao), au niende moja kwa moja kwenye kikundi chao? Niwaeleze kwa michoro, au tushuke wote majini maji yakitoka? Na msimamizi nimwambieje bila kumvunjia heshima?