Bustani ya mboga na maua uwani Jambiani: nianzie wapi kabla ya masika?

Bi_Uwani
Asalaam alaykum wenzangu. Nataka bustani uwani hapa Jambiani, pwani ya mashariki ya Unguja: tungule (nyanya), mchicha, bamia, pilipili boga, na upande mmoja asumini, mrehani na waridi. Uwa una mita 6 kwa 4, lakini ukipiga jembe kidogo tu unagonga jiwe. Maji ni ya kisima, yana chumvichumvi. Ndugu yangu aliyeko Uingereza ananiambia nisie kila kitu Machi, kwao ndiyo baridi inaisha. Sasa ni Februari. Nivunje mawe kwa mtaimbo au vipi?

Kinongo
Waalaykum salaam dada. Mtaimbo urudishe ulipoutoa. Maweni hayalimwi kwa kuchimba, hujazwa juu. Okota mawe hapo hapo, jenga tuta la upana wa mita 1 (usizidishe, mkono ufike katikati bila kukanyaga), urefu mita 3, kimo sentimita 30. Litameza kama toroli 15 za lita 60: 8 za udongo mwekundu wa kinongo, 5 za samadi ya ng'ombe, 2 za usumba (nyuzi za kumbi la nazi) uliorowekwa na kusuuzwa. Weka na akiba, mvua za mwanzo zitalishusha. Samadi iwe imekaa miezi miwili mitatu. Ukiishika haina joto wala harufu ya zizi. Mbichi inaunguza mizizi. Mchanga wa pwani usiuguse, una chumvi.

Kisha majivu. Kila mtu atakwambia utie majivu, na kwenye udongo wenye asidi yanafaa kweli. Lakini jiwe la Jambiani ni chokaa tupu. Ukiongeza majivu, madini ya chuma yanafungika, mmea hauyapati hata kama yamo. Utaona majani machanga ya juu yamekuwa manjano, mishipa imebaki kijani. Manjano yakianzia majani ya chini, yale makuukuu, hiyo kwa kawaida ni njaa ya naitrojeni, ongeza samadi.

MwanaVuli
Kalenda ya Uingereza iache Uingereza. Kule Machi udongo ndiyo unaanza kupata joto. Hapa mwisho wa Machi masika yanabisha hodi, na tungule na mvua ya Aprili hazipatani. Majani yakikaa majimaji, bakajani, ugonjwa wa ukungu wa majani, linashambulia tuta zima. Februari hii jenga matuta tu.

Machi sia bamia: roweka mbegu usiku mmoja, tia mbili kwa shimo, kina sentimita 2, shimo na shimo sentimita 30, mstari na mstari 60. Zikiota, punguza ubakishe mche mmoja. Mchicha pia unakubali, ila mbegu zake ni ndogo mno na mvua kubwa inazizoa. Changanya kijiko kimoja na vijiko vitano vya udongo mkavu, sia kwa mistari, funika kuti. Siku ya nne au ya tano zikichomoza, liondoe kuti siku hiyo hiyo. Likichelewa miche inarefuka kutafuta mwanga, halafu inalala.

Tungule: kitalu mwanzo wa Mei, kuhamisha Juni kipupwe kikiingia, mche ukiwa na wiki 4 na majani halisi 4 au 5. Pilipili boga ni mzito, mpe wiki 6. Nafasi sentimita 50 hadi 60, yaani tuta lako linachukua tungule 10, mistari miwili. Juni hiyo kusi linavuma kutoka baharini na chumvi yake, kwa hiyo weka uzio wa makuti upande wa kusini na mashariki. Usiuzibe kabisa. Upepo ukipenya unapungua nguvu. Ukizuiwa moja kwa moja unapanda juu ya uzio, kisha unaiangukia miche.

Mama_Vikuba
Maua masika ndiyo wakati wake, shoga. Asumini: kata kipande cha sentimita 15 hadi 20, kisiwe kichanga sana wala kigumu kama kuni. Toa majani ya chini, zika vifundo viwili, weka kivulini. Usikivutevute kuangalia mizizi kabla ya wiki 4 hadi 6. Mrehani ukianza kutoa maua ukate ncha, utatoa matawi. Ukiachwa uzae mbegu majani yanakonda. Waridi uweke kwenye ndoo ya lita 20 yenye matundu chini, na udongo wa kinongo, mbali na chokaa yenu.

BatiNaPipa
Mmesahau maji. Kisima cha chumvi usimwagilie majani, yataungua ncha. Mwaga shinani, mara moja na mengi, si kidogo kidogo kila saa, maana chumvi inabaki juu inaganda nyeupe. Maharage usijaribu kabisa, hayavumilii chumvi. Halafu tega mvua: milimita 1 juu ya mita moja ya mraba ni lita 1, kwa hiyo bati la mita 40 za mraba kwa mvua ya milimita 10 linakupa karibu lita 400. Tuta moja kiangazi linakunywa kama lita 15 kwa siku. Pipa lifunike, mbu wasizae humo.

Bi_Uwani
Ahsanteni sana. Swali moja: tungule za jirani zimenyauka ghafla na majani bado kijani. Ni kiu?

Kinongo
Kama udongo una unyevu, si kiu. Kata shina karibu na ardhi, lining'inize kwenye gilasi ya maji safi, usilitikise. Ukiona uzi mweupe kama maziwa unashuka kutoka kwenye mkato ndani ya dakika chache, ni mnyauko wa bakteria na hauna dawa. Ang'oe na mizizi, achome. Tuta hilo lisirudie tungule, bilingani, pilipili wala mbatata, zote jamaa moja, apande mahindi. Na wewe usichukue udongo wake wala kuazima jembe lake bila kuliosha.